Dada, Nimepita Kwenye Mianzi

Dada Tusekile,

Salamu nimezitafuta tangu nikae hapa mezani, sijazipata. Kukuuliza habari za huko naogopa, na nikisema sisi hatujambo nitakuwa nimepunguza ukweli. Basi nianze na haya: Mama yupo, anakula, miguu inamsumbua baridi ikiingia. Mimi nipo. Biashara yako ya vifaranga ipo. Na wiki mbili zilizopita nimepita kwenye mianzi.

Nimeandika maneno hayo nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji. Ngoja nikueleze taratibu, maana hapa nyumbani sijapata wa kumweleza yote. Mama nikimweleza nusu anashika kifua.

Ulipoondoka, simu yako haikuacha kuita. Kwanza walipiga wa kutoa pole. Baada ya matanga wakaanza kupiga wa vifaranga. Walikuwa wanaona haya, wanaanza mbali: "Pole sana Atupele, Mungu awatie nguvu," halafu kimya kidogo, halafu, "Sasa mwanangu, wale vifaranga wangu chotara ndiyo basi tena?" Nilikuwa nakata simu naegemea magunia ya pumba, nalia. Unajua mimi nilikuwa wa dukani tu. Kazi yangu ilikuwa kupima chakula cha kuku na kuuza dawa za minyoo. Barabara ilikuwa yako. Basi la Mbeya likishusha maboksi pale Mpemba stendi, wewe ndiye uliyeweka sikio kwenye matundu ya boksi kabla ya kusaini. Ulikuwa unasema, "Wakilia wana shida, wakinyamaza wana shida kubwa zaidi." Halafu unayapanga kwenye kirikuu, kile kigari chetu cha mizigo, unafunga turubai, unapiga honi mara moja mbele ya duka, unaondoka. Sikuwahi kukuuliza unapita wapi. Kwangu mimi ulikuwa unaenda "juu," na jioni unarudi na tope hadi kwenye nywele, unacheka.

Gari ulilokuwa nalo siku ile fundi alilinyoosha. Sikutaka, lakini hatukuwa na jingine, na wateja walikuwa wanasubiri. Alilipaka rangi nyeupe juu ya ile bluu. Mama mpaka leo akilisikia linaingia uani anainuka anaingia ndani.

Wateja wako wote ulikuwa umewabeba kichwani, dada. Nilipojaribu kukumbuka uliyoyasema mezani, nilipata vipande tu: kwa fulani kuna mbwa, kwa fulani unaacha gari chini unapanda kwa miguu. Vipande hivyo sikuweza kumpa dereva mgeni akafika navyo. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia wakala wa Mbeya asitume tena. Ndipo nilipoiona programu moja ya simu kwa dada mmoja pale Tunduma anayesambaza mitungi ya gesi kwa pikipiki. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, ameshika simu, anawaona vijana wake wote wanavyozunguka mjini. Akanionyesha. Unaingiza wateja wako, kila mmoja na lokesheni yake, unaiambia gari linaanzia wapi, nayo inakupangia nani aanze, nani afuate, njia ipi ni fupi. Gari likitembea unaliona kama kidoti cha kijani. Mteja anapata ujumbe wenyewe kwenye simu yake bila wewe kuandika chochote. Yule dada akaniambia, "Tangu niwe nayo silali na mawazo."

Mimi ilinipa mawazo ambayo sikuwa nayo.

Kuwatafuta wateja kulichukua muda. Wengi simu zao ni za vitochi, hazitumi lokesheni, nikawa naomba bodaboda wa kule wasimame getini kwa mtu wanitumie ya kwao. Polepole ramani ikajaa. Mpemba, Mbebe, halafu kule mbali Ibaba. Siku ya kwanza nilipobonyeza ili ipange njia, niliinama juu ya simu. Ilifikiri kidogo, ikachora mstari. Mstari ukatoka Mpemba vizuri, ukafuata lami, ukaacha lami, ukaanza kupanda Ibaba, na katikati ukashuka kwenye kona ya mianzi.

Palepale, dada. Pale walipokukuta.

Programu ile haikujua chochote. Haikuja msibani. Iliona njia fupi ikaichukua.

Nilitafuta nikaona kuna sehemu ya kuizuia njia isipitiwe. Unaweka kidole, unavuta, kipande hicho cha barabara kinakuwa chekundu. Ikaniuliza sababu, ikanipa za kuchagua: ujenzi, mafuriko, ajali, nyingine. Kidole changu kilikaa juu ya "ajali" kikakataa. Nikachagua "nyingine." Ikapanga upya, ikaizunguka milima yote kwa ile barabara ya chini inayovuka mto kwenye daraja la magogo. Ndefu, lakini haikupita kwako. Nikajiambia nimefanya jambo la busara.

Ujumbe wa kwanza ulileta balaa ambalo sikulitegemea. Namba ya biashara ni ile ile yako, sikuibadilisha. Programu ikatuma: "Mzigo wako uko njiani." Mama Gwakisa wa Ibaba, yule mjane uliyempenda, alipiga simu anahema. "Nani anaitumia simu ya marehemu? Mimi nimeona jina lake hapa. Imeandikwa Tusekile." Nilimwomba radhi nikamweleza. Akasema, "Basi mwanangu usibadilishe. Nimeogopa, lakini nimefurahi kidogo." Tangu siku hiyo kila ujumbe wa programu anaujibu kama ametumiwa na mtu, kwa asante mbili, ya Kiswahili na ya kikwetu: "Asante, ndaga, fika salama."

Dereva nilimpata Haruna. Hukumfahamu. Ni mtu wa Kondoa, ameendesha malori ya Zambia na Kongo miaka mingi, akachoka kulala kwenye foleni pale mpakani akawa anataka kazi ya kurudi nyumbani jioni. Anakaa hapa Mpemba na mke wake Zuhura na mtoto mdogo anayenyonya. Ni mpole, anaongea na gari kama anaongea na ng'ombe. Siku ya kwanza aliyaegemea yale maboksi akasikiliza. Sikumwambia afanye hivyo. Niliingia ndani haraka asinione.

Na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza kazi rasmi. Haruna akitoka, mimi naweka simu mezani, naegemeza kwenye mzani, nakiangalia kidoti. Mteja akitaka kilo mbili za pumba nampimia huku jicho liko kule. Kwenye lami kinaenda vizuri. Kikiacha lami naacha kula. Kule juu mtandao unakatika, kidoti kinasimama, nami nasimama. Kikisogea tena nakaa. Watu wakawa wananicheka: "Atupele siku hizi anaswali na simu." Niliogopa mvua, na jua likiwaka niliogopa breki. Wewe ulikufa mimi nikiwa napanga chupa za dawa kwenye rafu, naimba, sijui lolote, na jambo hilo limenikaa vibaya. Niliona kwamba nikikitazama kidoti bila kupepesa, hakitadondoka.

Ile njia ndefu ilikuwa na gharama yake, na waliolipa ni vifaranga. Ukungu wa kule unaujua. Kila saa wanayokaa njiani ni baridi. Mama Gwakisa akaanza kulalamika: "Mwanangu, siku hizi wanafika wamelegea. Wanalala upande." Wengine walikufa kwenye boksi. Haruna naye akanijia, amevua kofia. Akasema, "Dada Atu, ile njia ya mianzi nimeipita Jumapili na pikipiki. Wamemwaga kifusi, wamechimba mtaro. Inapitika kuliko hii unayonipitisha. Lile daraja la magogo mimi silipendi."

Nikasema hapana.

Akasema, "Njia haina kinyongo na mtu, dada."

Nikasema hapana tena, na sauti ikapanda mpaka Mama akasikia uani. Jioni Mama akaniambia, "Umefanya vizuri. Ile njia imeshaonja damu." Na Zuhura, ambaye mumewe alimsimulia, alikuja dukani mtoto mgongoni, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante dada kwa kumpitisha mume wangu njia salama." Neno hilo nimelikumbuka sana.

Sasa siku yenyewe. Mvua ilianza alfajiri. Nilitamani Haruna asiende, lakini maboksi yalikuwa yameshashuka stendi, na vifaranga, unajua wewe, hawangoji mvua ikatike. Haruna akafunga turubai mara mbili. Akaniangalia akasema, "Kunywa chai dada, umekauka." Akaondoka.

Mpemba akashusha. Mbebe akashusha. Niliona alama za kijani zikitokea moja moja, nikaanza kupata nguvu. Akaacha lami. Akafuata barabara yangu ya chini, ile niliyomchagulia. Kidoti kikawa kinakwenda polepole, kinasimama, kinakwenda. Kwenye ramani mto ni mstari mwembamba wa bluu, hata hauna jina. Kidoti kikaufikia, kikapanda juu yake, kikasimama.

Nikangoja. Nikasema mtandao. Nikampimia mtu chumvi ya ng'ombe nikamrudishia hela nyingi kuliko alizonipa, ikabidi anishtue. Nikarudi. Kiko palepale, juu ya ule mstari wa bluu. Nikaikuza ramani kwa vidole, nikaikuza tena, nikidhani pengine kiko pembeni kidogo. Kilikuwa katikati ya maji. Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena. Kidoti kikageuka kikawa chekundu, na programu, bila hata kuniuliza, ikatuma ujumbe kwa wateja wa Ibaba. Niliusoma kwenye kioo cha simu: "Mzigo wako utachelewa kidogo. Tunaomba radhi."

Dada, sijawahi kuogopa vile. Hata siku yako. Siku yako niliambiwa jambo limeshakwisha, nikaanguka. Safari hii nilikuwa nimesimama wima, naliona, na sikuwa na cha kufanya. Njia niliyoikimbia ilikuwa kule juu, tupu, imefungwa kwa kidole changu. Huyu mtu nilikuwa nimempeleka kwenye maji mimi mwenyewe.

Zuhura akaingia. Hakuwa ameitwa. Huwa anapita mchana kuuliza kama mumewe amevuka lami. Aliniangalia mara moja tu. Akasema, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha simu. Hakuelewa ramani, akaniuliza ile bluu ni nini. Nikamwambia. Alifungua kanga, akamshusha mtoto, akampa Mama aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama, nishikie. Dada, twende."

Nilitaka kumwambia mimi siwezi. Tangu tukuzike sijawahi kuvuka kule mwisho wa lami. Nilitaka kusema tuwapigie watu wa kijiji, tungoje, tuombe. Alikuwa ameshatoka nje anasimamisha gari mvuani. Nikafunga duka.

Noah ya abiria ilitufikisha mwisho wa lami. Pale bodaboda walikuwa wamejibanza chini ya kibanda cha chips. Nikawaonyesha tunakokwenda. Mmoja, mtu mzima mwenye koti la mvua la njano, akatikisa kichwa. "Njia ya chini haipo. Daraja la magogo limeondoka na maji." Zuhura akamuuliza, "Na gari? Kirikuu nyeupe?" Akasema, "Gari hatujaliona mama. Maji ni mengi. Mkitaka kufika upande ule, ni kupitia mianzi."

Nilimtazama Zuhura. Alijua. Mpemba nzima inajua ulifia wapi. Hakuniomba wala hakunisukuma. Alipanda nyuma ya yule mzee, akasogea mbele, akaniachia nafasi. Nikapanda. Tukaenda mshikaki, watu watatu, mvua usoni, mimi nimefumba macho nimemshika Zuhura kiuno kama mtoto. Nilikuwa nasema "Yesu, Yesu," na yeye nilimsikia anasoma vyake kwa Kiarabu. Sijui nani alisikilizwa.

Kabla ya kona yule mzee akasimamisha. "Shukeni mtembee. Nitashuka na pikipiki peke yangu, kunateleza." Nikafumbua macho. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya mianzi, na mianzi yenyewe ilikuwa inagongana juu kwa juu, ile sauti ya vijiti. Nilisimama pale, dada, naona aibu kukuambia, mkojo ulinitoka kidogo. Zuhura akanipa mkono. Tukashuka hatua kwa hatua, tumeshikana, viatu mkononi. Kifusi kilikuwa kimemwagwa kweli. Mtaro ulikuwepo. Katikati ya mteremko akaniuliza, "Ndiyo hapa?"

Nikasema, "Ndiyo hapa."

Akasimama. Mumewe hajulikani alipo, mvua inamnyeshea, na alisimama. Akainua viganja akakuombea. Akajipangusa uso. Akasema, "Twende."

Niliangalia. Nilijilazimisha kuangalia. Miezi yote hii nimekuwa nikipaona usingizini, kuna shimo lisilo na mwisho, jeusi. Dada, ni bonde la kawaida tu. Mtu amelima viazi mviringo mpaka ukingoni. Kulikuwa na mbuzi amefungwa kamba, analia kwa sababu ya mvua. Nilitamani pawe pabaya zaidi. Nilikasirika kwamba palikuwa padogo hivyo na pametosha kukuchukua. Halafu tukawa tumeshapita, tuko kwenye kijito cha chini, na yule mzee anatungoja amewasha pikipiki. Nilipogeuka ukungu ulikuwa umeshapafunika.

Tulipofika juu Ibaba nilitaka twende mtoni moja kwa moja, kule kidoti kilikoishia. Njiani tukakutana na wanaume wa kijiji wanatoka kule na kamba begani. Zuhura akashuka hata pikipiki haijasimama. "Dereva yuko wapi?" Mmoja akasema, "Yule Mwislamu? Yuko kwa Mama Gwakisa, anaota moto."

Alikaa chini, dada. Zuhura. Alikaa kwenye tope katikati ya barabara.

Tukamkuta jikoni kwa Mama Gwakisa, kwenye moshi, amevaa kitenge cha yule bibi, miguu imechanikachanika. Maboksi yako wazi yamezunguka moto, na vifaranga wamejaa sakafuni, kwenye ungo, kwenye sufuria tupu, wanalia wote kwa pamoja. Alikuwa ameshavuka karibu gari zima magogo yalipoachia. Magurudumu ya nyuma yakabaki yananing'inia majini. Simu ilibaki kwenye dashibodi, ndiyo iliyokuwa inaniambia yuko mtoni mpaka ilipolowa. Alitoka kwa dirisha. Angeweza kukimbia na roho yake. Alirudi mara kadhaa kuchukua maboksi, mpaka maji yakamkataza. Akayapandisha mlima kichwani.

Zuhura alimpiga. Alimpiga ngumi za kifua, nyingi, huku anamwita majina. Halafu akaweka kichwa pale pale alipokuwa anapiga. Haruna alikuwa anamtuliza na ananitazama mimi juu ya kichwa chake, akaniuliza, "Dada Atu, umepita wapi wewe?"

Nikamwambia, "Kwenye mianzi."

Mama Gwakisa ndiye aliyesema, "Kaa mwanangu, unywe chai. Umefanana na dada yako ulivyolowa." Nikakaa. Nilimwomba Haruna msamaha, akaniambia bado anasikia baridi, tuyaongee siku nyingine.

Gari lilitolewa kesho yake kwa ng'ombe wa kukokota. Linatembea. Vifaranga waliobaki majini hawakuokoka. Nilizunguka kwa wateja mmoja mmoja kwa miguu yangu kuwaeleza, na hakuna aliyenitukana.

Haruna alikaa nyumbani karibu wiki zote hizi mbili. Nilijua haji tena, na nilishaanza kumwona mwenye haki. Alikuja jana. Akasema atarudi kazini, ila ana neno. Nikamwambia aliseme. Akasema, "Nipangie njia kwa kuiona. Usinipangie kwa kuiogopa. Mimi ninayo hofu yangu, inanitosha. Yako ukiniongezea, gari linalemewa."

Nimekuwa nayo maneno hayo tangu jana. Jana jioni nilifungua ile programu, nikalizuia daraja, sababu nikachagua ya kweli. Halafu nikaenda kwenye kile kipande chekundu cha mianzi. Nikaweka kidole. Ikaniuliza kama nina hakika. Sina, dada. Nilibonyeza ndiyo. Mstari ukashuka pale ulipokuwa umeshuka siku ya kwanza. Sitaki nikudanganye kwamba hofu imekwisha. Usiku bado nakuona. Mawingu yakikusanyika upande wa Ileje bado naacha mzani natoka nje kuyatazama. Nadhani itakuwa hivi, na nitafanya kazi nayo ndani yangu, kama Mama anavyotembea na miguu yake.

Mama nilimweleza jana kwamba nilipita pale. Nilidhani atapiga kelele. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akaniuliza, "Pakoje?" Nikamwambia kuna mianzi, kuna shamba la viazi, kuna mbuzi. Akauliza, "Mbuzi wa nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Mtu amelima pale. Basi ni mahali pa watu." Akajifuta macho kwa upande wa kanga, akaniambia mvua zikiisha nimpeleke.

Kwa hiyo nakuahidi mambo mawili, na uniulize siku tutakapoonana. Sitamtuma mtu tena kwa njia ambayo macho yangu hayajaiona tangu mvua ya mwisho. Programu itapanga, mimi nitakwenda kuangalia, ndipo yeye aende. Na kiangazi kikifika nitamleta Mama pale, tutashuka polepole, nitamshika mkono.

Leo naenda na Haruna, nitakaa mbele. Duka nimemwachia Zuhura na mwanawe. Basi limeshafika stendi, maboksi yanapakiwa, na mvua haijaamua kama inyeshe au la. Mikono imelowa jasho mpaka karatasi inashikana na vidole. Natamani mtu aniambie nisiende, na hakuna anayeniambia.

Haya dada, pumzika. Nisalimie Baba huko mliko. Nimeitwa, wananingoja, na ninakwenda.

Mdogo wako,
Atupele